Farasi Niliobebeshwa na Wifi

8 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo huko? Gereji haijambo? Sisi tupo, tunapumua. Kaka yako anakusalimu, ingawa salamu zenyewe nimezing'oa mdomoni mwake kama jino bovu.

Habari za ushindi wako zimetufikia. Hongera. Wanasema ulipita mstari wa mwisho kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Sasa nikushukuru kwa zawadi uliyonitumia. Kamati ya mashindano ya magari imetuandikia: kwa kuwa umevuka kasi inayotegemewa, injini ya aina yetu, yako na yangu, imeongezewa nguvu za farasi kumi na watano. Kwenye karatasi, wifi! Farasi wenyewe sijawaona wala kuwasikia wakila majani. Gari langu ni lilelile na injini ni ileile aliyoifunga kaka yako. Lakini kanuni haijui nani amekimbia, inajua aina ya injini tu. Daraja linapangwa kwa uzito wa gari ukilinganishwa na farasi wake, kwa hiyo wakiongezeka, nami niongeze vyuma, la sivyo nipandishwe daraja la wakubwa nikamezwe.

Jana nimefunga vyuma nyuma ya kiti, uzito wa mwanamume aliyeshiba. Gari sasa linaondoka kama wanafunzi wangu wa udereva siku ya kwanza.

Ombi langu ni dogo. Ukishaona umeshinda, inua mguu kwenye mafuta kabla ya mstari. Wenzio wote wanafanya hivyo. Muda utarefuka kidogo, kamati italala, na sisi wenye injini za kawaida tutapumua.

Wifi yako,
mke wa kaka yako

20 Februari

Wifi,

Salamu zimefika, na masimango nayo yamefika salama, hayakuvunjika njiani. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika.

Kuinua mguu siwezi. Kaka ndiye aliyenifundisha, enzi hizo nakalia mto ili nione mbele. "Mstari si mgeni wa kupungiwa mkono," alikuwa akisema, "upite!" Nimesugua vali za gari hili mpaka kucha zimeisha. Niadhibiwe kwa kufanya kazi vizuri, halafu nijifiche pia kama mwizi? Vyuma hivyo nami nimebeba, wifi. Kanuni ndiyo mbovu, si mguu wangu.

Leta gari niifungue hiyo injini, tuwatafute hao farasi humo ndani. Au kaka aifungue mwenyewe, kwani ana nini siku hizi? Fundi mzima ameshindwa na vali? Mwambie dada yake anasema ameanza uvivu wa uzeeni.

Wifi yako

2 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Usishangae kimya changu.

Barua zako huwa namsomea kaka yako kwa sauti. Hii nilipofika kwenye uvivu wa uzeeni nikaruka, naye akajua, maana nikidanganya nasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasema, "Soma ulichoruka." Nikasoma. Akainuka, akaenda kulala mchana kweupe.

Alinikataza nisikwambie, lakini nimechoka kubeba peke yangu. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Kutembea anatembea, kusema anasema, ila mkono wa kulia haumsikii tena. Hapendi kuonewa huruma, na zaidi na wewe uliyekuwa unamtazama kama mfalme wa spana.

Injini iliyo kwenye gari langu ndiyo ya mwisho aliyoifunga. Hataki mtu aiguse. Siku za mashindano namwekea kiti karibu na uzio, anafumba macho, anaisikiliza ikipita. Msimu uliopita tulifika mbali. Sasa, na vyuma hivi, natolewa raundi ya kwanza kila mara, na yeye anaamini kosa ni lake. "Kuna mahali nimekaza vibaya," ananiambia. Namweleza habari za kanuni, anatikisa kichwa tu, kama mtu anayebembelezwa.

Sikulaumu, wifi. Nimekwambia tu ujue.

Mke wa kaka yako

11 Aprili

Wifi,

Sina hata salamu. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa chini sakafuni na ovaroli langu.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia wapime gari moja moja, mwenye kasi aadhibiwe peke yake. Akanisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema, "Mama, tukipima gari moja moja, tutakuwa tunamwadhibu fundi kwa ufundi wake. Injini angalau haina uso." Nikamjibu kwamba ya kaka yangu ina uso. Akasema kiwango cha farasi huweza kushuka, kama wenye injini hizo wote tukikimbia polepole msimu mzima.

Basi mwezi ujao nakuja kukimbia huko kwenu. Nitainua mguu. Usimwambie kaka kitu.

Wifi yako

22 Mei

Wifi yangu,

Ulifika salama? Uliondoka unalia, hata chai hukugusa. Nami nikabaki na yako na ya kaka yako.

Nikueleze alichokiona, au niseme alichokisikia. Wewe na yule mpinzani wako wa gari jekundu, wote mkiiogopa kamati, mlikaribia mstari kama maharusi wanaoingia ukumbini, kila mmoja akimngoja mwenzake apite. Watu wakazomea. Kaka yako akafumbua macho. "Mbona dada ameinua mguu?" Nikasema labda gari limekohoa. "Gari halijakohoa. Umemwambia." Ndiyo maana ulipokuja kumsalimu aligeuza uso. Si chuki, wifi. Ni aibu.

Siku zilizofuata alishinda kitandani. Jana nikasikia spana inaanguka. Nikamkuta sakafuni kando ya gari, amejaribu kufungua kifuniko cha vali kwa mkono wa kushoto. Nikataka kumwinua, akakataa. Akasema, "Mwandikie dada aje aifungue. Mimi nitaelekeza, yeye atakaza."

Nikamwambia tukipata kasi, kamati itatuongezea farasi wengine, na vyuma vingine.

"Waongeze. Bora nibebe chuma kuliko kubebwa. Na mwambie akiinua mguu tena, asiniite kaka."

Usiku alikula sahani mbili.

Mke wa kaka yako

26 Mei

Wifi,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, sijambo kabisa.

Gereji nimeifunga, wateja wamenuna, watachoka kununa. Kamati nimewaandikia tena wapime gari moja moja. Najua msimu huu hawatabadilisha kitu, lakini wanione kila mwezi mpaka wanizoee. Nakuja Ijumaa na sanduku zima la spana. Mwambie kaka aandae mdomo wake, maana akinielekeza vibaya nitambishia, awe mgonjwa asiwe mgonjwa.

Kulia nitalia njiani, nimalize hukohuko barabarani. Nikifika, nioneshe tu gari liko wapi.

Dada yake