Dereva wa Mpelelezi

Jumatano, Pangani

Kikombe kile nimekisugua mara mbili na bado nakiona kichafu.

Wakili alisema serikali lazima ichunguze kipigo alichopata mdogo wangu Shabani kituo cha polisi, hata tukiogopa kulalamika. Leo mpelelezi amekuja kweli, yeye na dereva wake. Mama akawatolea viti, mimi nikawapa chai.

Shabani alipomwona dereva akaganda mlangoni. "Hakuna aliyenipiga, afande. Nilianguka na pikipiki." Mpelelezi akaandika hivyo hivyo!

Walipoondoka ndipo akaninong'oneza: "Kaka, yule dereva ndiye aliyenipiga."

Na sukari kwenye kikombe kile nilimwongezea mimi. Kesho narudi kwa wakili, ila nikisema, si watamfuata Shabani tena?

Mama hajui. Mpaka sasa anamgombeza Shabani: "Yule dereva mstaarabu vile, unamnyima hata mkono?"