Filamu ya Dada Wawili Wasiosemezana

Goma, Jumamosi tarehe 12 Julai

Dada Neema,

Leo nitakuambia yote, hata kama kadi ni ndogo. Tantine, shangazi yetu mpenda sinema, amenichagulia filamu tatu za mwongozaji mmoja anayependa kusumbua roho za watu. Jana mchana tuliona ya kwanza, katika ukumbi wa video wa mtaa wa Majengo. Dada wawili wanakula meza moja bila kusemezana. Mfasiri wa ukumbi, anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti na aliyezoea za vita, akaanza kuwabunia maneno. Mama mmoja akamwambia, "Papa, waache. Batoto wamenyamaza, na wewe nyamaza." Akanyamaza, tukabaki tunasikiliza vijiko.

Nikakumbuka meza yetu ilivyokuwa hivyohivyo tangu niliposoma barua yako bila ruhusa. Nisamehe. Mkumbatie Mama. Nijibu kabla sijaona ya pili: nikirudi Bukavu, utanisemesha?

Mdogo wako,
Furaha