Oili ya Makongolosi

Wasa, Iringa
4 Agosti 1974

Kaka Timotheo,

Kamwene, na salamu zangu zinaishia hapo. Mahindi tumevuna, baridi bado inauma. Barua yako imefika. Kumzika mama hukuja, ila unauliza kama Landrova yako inawaka vizuri. Basi nikujibu.

Mwezi wa sita nilikuambia umwage ile oili namba hamsini uliyokuja nayo kutoka Makongolosi huko Chunya, uweke namba ishirini. Marehemu baba alifanya hivyo kila kipupwe. Ukanicheka mbele ya watu: "Oili nyepesi ni ya cherehani, dada. Nzito ndiyo inayolinda injini." Ukarudi zako kwenye joto la Chunya, ukatuachia gari.

Alfajiri ile mama alishindwa kupumua. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Shemeji yako Yohane akapiga stata, injini ikaguna tu, betri ikafa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, ikavutika kama asali. Akazungusha hendeli mpaka viganja vikatoka damu. Tukambeba mama kwa kitanda kwenda hospitali Tosamaganga. Hatujafika hata nusu ya njia, akanyamaza.

Sasa swali lako. Ndiyo kaka, gari lako linawaka vizuri sana. Jua lilipopanda, oili ililainika, Yohane akazungusha hendeli mara moja tu, likaitika, akatufuata. Ndilo lililomrudisha mama nyumbani.

Dada yako,
Severina