Hakuna Muntu Alinituma

Kwako mutoto wangu Honorine, kule Dilolo,

Mi niko muzima. Kuku yako imetaga. Mule mu magazini, duka ya hapa kwetu, etajere, rafu ya mifuko ya simenti, iliangukia mama mumoja. Miye peke niliinyanyua, mama akatoka, ikaniponda mukono ya kuume. Mwenye magazini alisema atanipeleka hospitali. Kisha, mbele ya shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, akaniuliza: «Tata Nkulu, nani alikutuma?» Nikajibu: «Hakuna muntu. Bengine bote balikimbia, miye nilibaki.» Akaandika ile jibu, nikatia kidole ya kushoto ku karatasi. Sasa anasema nilijiumiza miye mwenyewe, magazini haina kosa, hospitali hanipeleki.

Lakini sikusema bongo, nilisema kweli.

Naandika na kushoto. Bifungo ya shati inanishinda, navaa wazi. Huku baridi imeanza.

Baba yako, Nkulu mwenye nguvu