Mkwaju Uliofutwa

Jumapili, 9 Novemba
Rasimu ya nne. Wasifu wa Bwana Minazuki, mshambuliaji wa zamani wa Japani, atakayeizuru klabu yetu hapa Nizwa siku ya Alhamisi. Nitausoma mwenyewe mbele ya wageni. Muda wangu wa majaribio ya kazi unakwisha wiki hii. Usomaji huo ndio utakaoamua kama nitaajiriwa. Sijakosea hata koma.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimelala kwa Bibi, kijijini Birkat al Mauz. Nilimwonyesha picha ya mgeni.
"Huyu si yule aliyepaisha penalti ya fainali, kisha akazunguka jukwaa kwa jukwaa akiwainamia watu? Maskini, mtoto wa watu! Nilimpenda siku ile ile."
Bao lake hakumbuki hata moja. Hapo nikaelewa umaarufu wake ulikotoka: alifunga mengi, akapendwa kwa moja alilolikosa. Habari hiyo nimeifanya aya ya kwanza. Ni aya bora kuliko zote nilizopata kuandika.

Jumanne, 11 Novemba
Meneja wangu, Ustadh Salim, ameikata aya yote kwa kalamu nyekundu. "Mgeni hajanywa kahawa, wewe ushamtajia aibu yake? Umelelewa wapi, ya walad, we mtoto?" Mahali pake ameandika "hakuwahi kushindwa". Uongo. Tena uongo usio na ladha. Nikajibu, "Sawa, Ustadh." Nachukia wepesi niliolitamka nao neno hilo.

Alhamisi, 13 Novemba
Naandika nikiwa na hasira.
Nilisoma "hakuwahi kushindwa" mbele ya ukumbi mzima. Mjapani akacheka, akamnong'oneza mkalimani wake. Mkalimani akasimama: "Anauliza, na ile penalti je? Kila aendako watu huanza na hiyo." Ukumbi ukaangua kicheko. Ustadh Salim akainuka, kikombe cha kahawa mkononi. "Mtuwie radhi. Vijana wa siku hizi hawafanyi utafiti."
Mimi! Mwenye rasimu tano!
"Mpeni kadi nyekundu!" akadakia mzee mmoja nyuma. Wakacheka tena.
Mwoga. Mnafiki. Alasiri Ustadh akaniletea ujumbe: niandike barua kukiri kwamba habari ya penalti sikuijua, naye atanipitisha kazini.

Ijumaa, 14 Novemba
Baada ya sala, kwa Bibi, kando ya falaj, mfereji wa maji ya mashamba. Nilimtukana Ustadh mpaka pumzi ikaniishia. Kisha nikakumbuka kwamba kipaza sauti nilikishika mimi.
Barua nimeiandika. Sentensi mbili. Habari ya penalti niliijua. Nilisoma nisichokiamini kwa sababu niliitaka kazi.
Nimeituma. Jibu halijaja, na sidhani kama litanifurahisha.
"Haya basi," Bibi akasema, akinisogezea ndizi, "nisomee ile aya ya penalti."
Nimemsomea mara mbili.