Digrii Kumi na Saba

Mpendwa Bi Assumpta, nakuomba unisaidie maana jambo hili hata mume wangu nimeshindwa kumwambia. Nafundisha watoto wadogo katika shule moja huku Mayo, na kila Januari tunaletewa mayai ya samaki aina ya samoni tuyalee darasani kwenye tangi la kioo mpaka yaanguliwe, kisha tunakwenda kuwaachia vifaranga mtoni, na tangi lina mashine ya kupoza maji, na kila asubuhi mtoto mmoja husoma kipimajoto na kuandika kwenye chati ukutani, na mwaka huu kazi hiyo nilimpa Muireann, miaka sita, si msemaji lakini kwa kipimajoto hana mchezo. Ijumaa ya kusuka misalaba ya majani ya Mtakatifu Brigida, kama ilivyo desturi ya huku, watoto walirudi kutoka kukata majani kinamasini wamelowa chapachapa, nikachomoa mashine ya tangi ili nichomeke hita, jioni nikaenda zangu nyumbani hita ikiwaka na mashine imezima, mpaka Jumatatu.

"Mwalimu, leo ni kumi na saba!" Muireann akaniambia, na Ijumaa ilikuwa saba.

Nikauona waya sakafuni, na kwa kuwa mkataba wangu unaisha Juni na mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, nikacheka nikasema, "Saba, mpenzi. Hiyo moja ya mbele umeitoa wapi?" nikaifuta kwenye chati mbele ya wote, na Fiachra, mwanafunzi mwenzake, akadakia, "Mpeni miwani ya bibi yake!" darasa zima likaangua kicheko.

Kufikia Alhamisi karibu mayai yote yalikuwa yamegeuka meupe, yamekufa, nikawaambia hutokea tu. Mama yake Muireann akampeleka mjini Castlebar kupimwa macho, yakakutwa mazima. Sasa mtoto hawezi kuandika chochote kabla hajamgeukia jirani yake, "Eti, wewe unaona ngapi?" na kila nikimsikia natamani ardhi inimeze. Nikinyamaza, si atasahau kabla ya kiangazi?

Mwalimu, Mayo

Mwalimu,

Pole kwa mayai. Kusahau waya ni ubinadamu. Lakini kwa lile la Muireann sina pole ya kukupa, maana pale hukusahau kitu. Ulijua anasema kweli ukamwacha achekwe.

Hapana, hatasahau. Atasahau samaki na sura yako, lakini ile tabia ya kuuliza wengine wanaona nini atakua nayo. Na wewe unaendelea kumwita mbele ya chati ya uongo na kuliita somo la sayansi!

Leo masomo yakiisha, mtafute mama yake umweleze, kabla hajamtafutia mtoto daktari mwingine. Kesho asubuhi mwambie mwalimu mkuu. Mkataba ukienda na maji, basi umekwenda. Kisha wakusanye walewale waliocheka, Fiachra akae mbele, uwaambie nani alichomoa waya, nani alisoma sawasawa na nani alidanganya. Rudisha ile moja kwenye chati, halafu waulize mayai yalikufa kwa nini. Watakujibu wenyewe.

Muireann akikuuliza kwa nini ulifanya vile, usiseme ulikuwa na haraka. Sema uliogopa. Huenda asikusamehe. Usimkumbatie wala usimlilie. Ana miaka sita, si kazi yake kukufariji.

Assumpta