Namba Iliyo Kichwani mwa Mama

Jumatatu, 4 Machi
Uji, dawa ya mama ya presha, kisha cherehani. Sare tatu za kwaya zimebaki. Kesho mama anataka kwenda mwenyewe sokoni Mkuyuni kununua sato. Na aende. Anasema mimi sijui kuchagua samaki.

Jumatano, 6 Machi
Mama alianguka jana sokoni. Simu yake, kitochi, ilikuwa imeisha chaji. Wauza samaki wakamwuliza namba ya ndugu yake. Akataja tarakimu kumi bila kusita. Za mdogo wangu Grace. Grace yuko Dodoma! Ndiye aliyenipigia: "Dada, mama kaanguka hapo sokoni kwenu, kimbia!" Mimi nilikuwa mtaa wa pili tu, nashona. Miaka sita nakaa na mama, namfulia, nampeleka kliniki. Habari zake zimenifikia kupitia Dodoma.
Naona wivu. Sina neno jingine.

Alhamisi, 7 Machi
Presha imeshuka. Nimemfundisha namba yangu asubuhi nzima. Amejaribu kunipigia, akakosea tarakimu ya mwisho tu. Akapokea mwanamume wa Geita. "Shikamoo mama, umekosea namba." Wakasalimiana mpaka habari za mvua. Mama alicheka. Mimi sikucheka.
Namba haijui nani anamuuguza nani. Inaita laini yake, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefanya ubaya. Mama alitaka kumpigia Grace. Nikamwambia Grace ametupa laini yake, ile namba haipo tena, wala hakutuaga. Mama akairudisha simu mezani.
Nilifurahi. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Jumatatu, 11 Machi
Mama hali chakula. Anakaa kitandani anazitaja zile tarakimu polepole, moja moja. Kitochi nimekizima, nimekificha chini ya vitambaa vya wateja. Grace amenipigia mara nne. Sijapokea. Nimeharibu kola ya sare.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwambia mama ukweli. Nilingoja anilaani. Aliuliza tu kwa nini.
"Kwa sababu namba yake unaijua. Yangu huijui."
Akanitazama sana. "Grace alipoondoka niliikariri nisije nikampoteza. Wewe nikikuita si unakuja? Yako ningeikariri ya nini?"
Nililia kama mtoto. Lakini wivu haujaisha wote. Nisiseme uongo tena.

Jumatano, 13 Machi
Nimemrudishia mama kitochi, amebonyeza mwenyewe namba ya Grace, kitufe kwa kitufe. Wameongea Kisukuma karibu saa nzima. Sikusogea kusikiliza. Baadaye nikamwandikia Grace, nikamweleza yote, nikaomba radhi.
Amejibu mchana. "Umeniumiza. Ila na mimi nakuonea wivu, dada. Wewe unamwona kila siku."
Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Mvua inakuja kutoka ziwani. Nimetoka kuanua nguo.